Saa za Fundi na Bei ya Giaboksi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia na Hesabu

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya na uyasome pamoja na wanafunzi: makadirio, giaboksi, shafti, beringi, vipuri, ujira, daftari. Kila mwanafunzi awe na kalamu na karatasi, maana mwishoni tutafanya hesabu.

Ninyi mlioketi Mbulu mjini, Dongobesh na Haydom, na ninyi wa Katesh na Basotu, sogezeni viti karibu na redio tuanze.

Leo tunasoma historia. Lakini ni historia ya jambo ambalo kila mmoja wenu amekwisha kuliona kwa macho yake. Gari la zamani limesimama barabarani. Abiria wameshuka. Tandiboi amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana. Dereva anatikisa kichwa na kusema, "Giaboksi imekufa." Basi anaitwa fundi, na mwenye gari naye anafika. Swali lake la kwanza ni hili: "Fundi, itanigharimu shilingi ngapi, na gari litakuwa tayari lini?"

Hapo ndipo taabu huanza. Fundi anataja bei kwa kukisia, kwa sababu hataki kuonekana hajui. Mwenye gari anauza dume la ng'ombe ili apate fedha. Baada ya juma moja fundi anasema fedha hazitoshi. Mwenye gari anaona ameibiwa. Fundi anaona amefanya kazi ya bure. Huenda wote wawili ni watu waaminifu, lakini urafiki umevunjika, na gari lililokuwa likipeleka magunia mnadani na wagonjwa hospitali bado limesimama juu ya mawe.

Je, inawezekana kujua bei na siku za kazi kama hiyo kabla ya kuianza? Watu wamejiuliza swali hili kwa zaidi ya miaka mia. Wengine walilijibu vizuri, na wengine walilijibu vibaya wakapoteza mamilioni. Tuwatazame, kisha tujifunze kwao.

MKULIMA ALIJUA KUKADIRIA

Kwanza tusidhani kwamba makadirio ni elimu iliyokuja na motokaa. Mkulima wa Kiiraqw kule Kainam, mwenye kulima kwenye miteremko na kutia samadi shambani, alijua tangu zamani kukadiria kazi. Akisimama kando ya shamba alijua litahitaji majembe mangapi na siku ngapi. Akiwaita majirani wamsaidie, alijua ni chakula kiasi gani kitatosha.

Alijuaje? Alijua kwa sababu mbili. Shamba lote lilikuwa wazi mbele ya macho yake. Na kazi ile ile aliifanya kila mwaka, kwa hiyo alikumbuka ya mwaka jana.

Yashikeni mambo hayo mawili: kuona na kukumbuka. Giaboksi ya gari la zamani humnyima fundi yote mawili. Haionekani ndani mpaka ifunguliwe. Tena gari la zamani ni moja moja, kwa hiyo fundi huenda hakufungua la namna ile kwa miaka mitatu.

MOTOKAA YA KWANZA KUVUKA NCHI

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1907. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Tarehe 10 Agosti mwaka huo, afisa mmoja Mjerumani, jina lake Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa. Alitaka kuvuka Afrika mpaka Swakopmund, pwani ya magharibi, katika nchi ambayo sasa inaitwa Namibia. Alifika tarehe 1 Mei 1909. Safari ilimchukua karibu miezi 21.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Barabara hazikuwapo, ni kweli. Lakini pia gari liliharibika njiani, naye alilazimika kukaa akitengeneza na kungoja vipuri kutoka mbali. Hili ndilo funzo la kwanza la motokaa katika nchi zetu. Saa za kufungua na kufunga bolti huwa chache. Saa za kungoja huwa nyingi.

GIABOKSI NI KITU GANI?

Kabla hatujaendelea, yatupasa tuelewe kitu tunachokitengeneza.

Injini huzunguka kwa kasi. Magurudumu ya gari yanahitaji wakati mwingine nguvu nyingi na mwendo mdogo, na wakati mwingine mwendo mkubwa na nguvu kidogo. Mtu apandaye mlima na mzigo hupiga hatua fupi. Akiwa tambarare hupiga hatua ndefu. Giaboksi ndiyo humpa gari hatua fupi na hatua ndefu.

Ndani ya giaboksi mna shafti, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka. Juu ya shafti mna gia, yaani magurudumu ya chuma yenye meno. Shafti hukaa ndani ya beringi ili zizunguke bila kusagana. Ziko pia uma za kuhamisha gia, zikisukumwa na mkono wa dereva. Ziko sili za kuzuia oili isivuje. Kitu kimoja kikilika, hula na jirani yake. Beringi ikilegea, shafti hucheza. Shafti ikicheza, meno ya gia hayakutani sawasawa. Vumbi la chuma huingia katika oili na kuzunguka kila mahali.

Katika magari ya kwanza dereva alizisukuma gia zikutane kwa nguvu, na meno yalilia. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta namna mpya, kifaa kinachosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Lakini magari mengi ya kazi hayakupata kifaa hicho kwa gia zote.

Mfano mzuri ni Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 kule Amsterdam, na katika miaka ya 1950 na 1960 lilienea sana Afrika Mashariki. Lilikuwa na gia nne za mbele, na giaboksi ndogo ya pili kwa ajili ya milima na matope. Mpaka mwaka 1971, kifaa cha kusawazisha kilikuwa katika gia ya tatu na ya nne tu. Gia ya kwanza na ya pili hazikuwa nacho. Dereva alipotaka kurudi gia ya pili, ilimpasa akanyage klachi mara mbili, na katikati aongeze mafuta kidogo. Asipofanya hivyo, meno yalisagana.

Sasa fikirini njia zetu. Wilaya ya Mbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Gari likitoka bondeni kupanda Magara, hutambaa kwa gia ya kwanza na ya pili. Likishuka, dereva mwenye akili hushuka kwa gia zizo hizo, maana akitegemea breki peke yake zitapata moto. Masika yakija, udongo hugeuka utelezi, na gia ndogo hutumika tena. Kumbe basi, zile gia mbili zisizo na kifaa ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko zote katika milima yetu. Fundi anayelijua jambo hili atajua pa kutazama kwanza. Gari la zamani lililoishi Magara halina ugonjwa sawa na gari lililoishi Dar es Salaam. Historia ya gari ni sehemu ya makadirio.

SAA YA BWANA TAYLOR

Sasa tuulize: nani alianza kupima kazi ya fundi kwa saa?

Kule Marekani palikuwa na mhandisi aliyeitwa Frederick Winslow Taylor. Katika miaka ya 1880, katika kiwanda cha chuma mjini Philadelphia, alianza kupima kazi za mafundi kwa saa ya mkononi. Aliigawa kila kazi katika vipande vidogo. Alipima kila kipande peke yake, kisha akajumlisha. Mwaka 1911 alitoa kitabu juu ya njia hiyo. Wafanyakazi wengi hawakumpenda, kwa sababu waliona wanakimbizwa kama mashine. Nao walikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini jambo moja katika kazi yake lilikuwa na faida hata kwa fundi mwenyewe: kazi kubwa ikigawanywa katika vipande, inakadirika. Baadaye watengenezaji wa magari walitoa orodha za saa. Orodha husema kutoa giaboksi ni saa kadhaa, kufungua ni saa kadhaa, kurudisha ni saa kadhaa.

Orodha hizo ni nzuri, lakini zina siri moja. Aliyezipima alikuwa katika karakana yenye sakafu ya saruji, taa, winchi, spana kamili, gari jipya lisilo na kutu, na stoo ya vipuri hatua 20 kutoka mezani. Fundi wa Katesh anayefanya kazi chini ya mti, juu ya gari lenye miaka 50, akiitegemea orodha hiyo peke yake atajidanganya na kumdanganya mwenye gari. Orodha ni mahali pa kuanzia. Lazima aongeze saa za mahali pake.

KONGWA: MAKADIRIO YA MEZANI

Sasa sikilizeni habari ya watu waliosahau jambo hilo. Ukitoka Babati kwenda kusini utapita Kondoa mpaka Dodoma, na mashariki ya Dodoma utafika Kongwa. Hapo, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga. Mashamba mengine yalikuwa Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa kulima ekari milioni tatu na zaidi, kwa gharama ya paundi milioni 25.

Makadirio yalifanywa upesi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha majuzi, na matrekta mapya yalikuwa haba. Kwa hiyo yalinunuliwa yaliyokwisha kutumika vitani. Baadaye hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine hizi zilikutana na vichaka vigumu, mizizi mikubwa, na udongo ambao kiangazi huwa kama saruji. Madereva wengi walikuwa wapya katika kazi hiyo. Karakana hazikuwa tayari, na vipuri vilikuwa mbali. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala imeharibika.

Walikusudia kulima ekari 150,000 mwaka ule wa 1947. Walipanda kama 7,500 tu. Gawanyeni: 150,000 kwa 7,500 ni 20. Maana yake, katika kila ekari 20 walizoahidi, walipata moja. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na hasara ilikuwa kama paundi milioni 36.

Kosa lao kubwa lilikuwa nini? Walipanga hesabu ya mashine zima. Hawakuweka ya kutosha kwa mashine mbovu: fundi atatoka wapi, beringi itafika lini, trekta litalala siku ngapi. Tena walitaja bei ya kazi ambayo hawakuwa wameifungua na kuitazama ndani.

NGANO YA HANANG

Turudi nyumbani. Zamani Hanang ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Baadaye ikawa wilaya yake yenyewe, na mwaka 2002 sehemu hizi zote zikatoka Mkoa wa Arusha zikaingia Mkoa mpya wa Manyara.

Kuanzia miaka ya 1970, uwanda wa Basotu uligeuka kuwa nchi ya ngano. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilianzisha mashamba makubwa saba, kila moja la maelfu ya ekari. Wazee wenu wanayakumbuka majina yake: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengine. Zilikuja mashine kubwa za kulima, za kupanda na za kuvuna. Mashine hizo zilihitaji karakana, stoo ya vipuri na mafundi.

Hapa makadirio ya mashine yalifanywa vizuri kuliko Kongwa. Vipuri vilihesabiwa pamoja na trekta. Lakini palikuwa na mambo mawili yaliyobaki nje ya hesabu.

La kwanza ni ardhi. Uwanda ule ulikuwa malisho ya Wabarabaig. Thamani ya majani, visima na makaburi ya wazee wao haikuandikwa katika safu ya gharama. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na ugomvi wa ardhi ukaendelea miaka mingi. Gharama isiyoandikwa haipotei. Humwangukia mtu ambaye hakuulizwa.

La pili ni fedha za kigeni. Vipuri vilinunuliwa ng'ambo. Msaada wa Kanada ulipokoma mapema katika miaka ya 1990, mashamba yalidhoofika. Mashine ambayo kipuri chake hukiwezi kukinunua kwa fedha yako mwenyewe, bado hujaimiliki.

SHILINGI ILIPOSHUKA

Jambo hili la fedha za kigeni liligusa hata fundi mdogo mwenye gereji yake ya uani. Tutazame miaka miwili tu. Mwishoni mwa mwaka 1985, dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 16 na nusu. Mwishoni mwa mwaka 1986 ilikuwa kama shilingi 52.

Kiongozi wa darasa, andika ubaoni. Tuseme beringi moja iliuzwa dola 10.

Mwaka 1985: 10 mara 16.50 ni shilingi 165.
Mwaka 1986: 10 mara 52 ni shilingi 520.

Beringi ni ile ile. Fundi ni yule yule. Bei imepanda zaidi ya mara tatu. Sasa fikirini fundi aliyemwambia mwenye gari bei ya jumla mwanzoni mwa mwaka 1986, akanunua vipuri mwishoni mwa mwaka. Ama alikula hasara, ama alirudi kwa mwenye gari akaitwa mwongo. Funzo ni hili: makadirio yawe na tarehe, tena bei ya vipuri iandikwe mbali na ujira wa mikono.

HESABU YENYEWE

Sasa tumefika penye kazi. Chukueni kalamu. Tuseme mzee mmoja ana Land Rover ya miaka ya 1960. Gia ya pili inachomoka yenyewe, na giaboksi inalia. Tuseme fundi hulipwa shilingi 5,000 kwa saa, na msaidizi wake shilingi 2,000 kwa saa. Hizi ni bei za mfano tu. Ninyi mtaweka za mahali penu. Saa nazo ni za mfano.

Katika gari hili giaboksi haitoki kwa urahisi. Viti na sakafu hung'olewa kwanza, kisha giaboksi huinuliwa kupitia ndani ya gari. Ni nzito sana, kwa hiyo pana kazi ya watu wawili au zaidi. Tugawanye kazi katika vipande sita:

1. Kusikiliza, na kuliendesha gari kwa majaribio: saa 1.
2. Kuondoa viti, sakafu na shafti za nje, na kutoa giaboksi: saa 8.
3. Kuifungua, kuiosha na kuikagua: saa 5.
4. Kuipanga upya kwa vipuri vipya: saa 8.
5. Kuirudisha garini: saa 8.
6. Kutia oili, kujaribu barabarani na kusahihisha: saa 2.

Jumlisheni: 1, 8, 5, 8, 8 na 2. Jumla ni saa 32.

Ujira wa fundi: 32 mara 5,000 ni shilingi 160,000.

Msaidizi anahitajika katika kipande cha 2 na cha 5 tu, yaani saa 16. Basi 16 mara 2,000 ni shilingi 32,000.

Ujira wote: 160,000 na 32,000 ni shilingi 192,000.

Lakini je, bolti zenye kutu? Je, nati iliyokatika? Katika gari la zamani huwezi kusema hayatatokea. Kwa hiyo tunaweka akiba ya robo ya saa za fundi. Robo ya 32 ni 8. Basi 8 mara 5,000 ni shilingi 40,000. Akiba hii si ya kuficha. Mwenye gari aambiwe. Saa za akiba zisipotumika, fedha zake zirudi.

Saa 32 ni siku nne za saa nane. Ukiongeza akiba, ni siku tano. Lakini fundi asimwambie mzee, "Njoo baada ya siku tano." Barabara ya Singida hadi Babati kupitia Katesh sasa ina lami, na safari ya Arusha imekuwa nyepesi kuliko zamani. Hata hivyo kipuri cha gari la mwaka 1965 hakipatikani kila duka. Huenda kikatafutwa Arusha, huenda kikaagizwa mbali zaidi. Kwa hiyo fundi aseme mambo mawili: "Kazi ya mikono ni siku tano. Siku za kungoja vipuri nitakueleza nikishajua ni vipuri gani."

BEI MBILI, SI MOJA

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kiini cha somo. Fundi mwenye busara hataji bei ya kazi yote kabla ya kufungua. Hutaja kwanza bei ya kufungua. Msikilizeni anavyozungumza na mwenye gari:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Haya, niambie, shilingi ngapi?"

"Mzee, leo sitakutajia bei ya kazi yote. Nitakutajia bei ya kuifungua na kuitazama ndani. Ni saa 14 zangu na saa 8 za kijana. Jumla shilingi 86,000."

"Na nikikulipa hiyo, gari litakuwa limepona?"

"Hapana, mzee. Lakini utaona kwa macho yako kilichoharibika, mezani. Nitakuandikia kila kipuri na bei yake. Hapo utaamua mwenyewe kama tuendelee, au tutafute giaboksi nyingine iliyotumika, au uliache."

"Kumbe nitalipa ili nione tu?"

"Utalipa ili usiuze ng'ombe wawili kwa kitu usichokiona."

Tuhakikishe hesabu yake. Kipande cha 1, 2 na cha 3 ni saa 1, 8 na 5, yaani saa 14. Basi 14 mara 5,000 ni 70,000. Msaidizi ni saa 8 mara 2,000, yaani 16,000. Jumla ni 86,000. Amesema kweli. Vipande vilivyobaki ni saa 18 za fundi, 90,000, na saa 8 za msaidizi, 16,000. Hiyo ni 106,000. Ukijumlisha 86,000 na 106,000 unarudi pale pale: 192,000.

Tazameni alichofanya fundi huyu. Mkulima wa Kainam aliona shamba lote kabla ya kutaja majembe. Fundi naye amekataa kutaja bei ya shamba ambalo bado limefunikwa. Watu wa Kongwa hawakufanya hivyo, na tumeona yaliyowapata.

DAFTARI

Jambo la mwisho. Tulisema mkulima alijua kwa kuona na kwa kukumbuka. Kuona tumekwisha kukupata kwa kufungua. Je, kukumbuka?

Mafundi wengi wa zamani walikuwa na akili kubwa mikononi, lakini hawakuandika. Vitabu vya magari vilikuja kwa Kiingereza, na wengi hawakupata nafasi ya kwenda shule. Fundi alipozeeka, saa zote alizozijua alizeeka nazo. Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea vijijini, watu wengi walidhani faida yake ni kusoma barua na kutia sahihi. Faida nyingine ni hii: fundi ajuaye kuandika anaweza kuwa na kumbukumbu kuliko kichwa chake.

Kila kazi ikiisha, aandike mistari minne. Gari gani. Nilikadiria saa ngapi. Nilitumia saa ngapi. Kwa nini zilitofautiana. Akifanya hivyo kwa magari kumi, atakuwa na orodha yake ya saa, iliyopimwa kwa kutu ya huku, matope ya huku na spana alizo nazo. Orodha hiyo itamfaa kuliko ile iliyopimwa ng'ambo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Saa ya fundi nayo ni mali. Fedha ya mzee aliyeuza dume lake ni mali. Na uaminifu kati yao ni mali kuliko zote mbili, kwa sababu gari likiharibika tena, ni hao hao watakaokutana.

Somo letu linaishia hapa. Kiongozi wa darasa, sasa ongoza mazungumzo. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mkulima alikadiria kazi ya shamba kwa mambo gani mawili? Kwa nini giaboksi ni ngumu kukadiria kuliko shamba?
2. Kwa nini gia ya kwanza na ya pili ziliharibika upesi katika magari ya zamani ya milima yetu?
3. Watu wa mpango wa karanga walisahau kuhesabu nini? Katika mashamba ya ngano ya Hanang, ni gharama gani haikuandikwa, nayo ilimwangukia nani?
4. Je, ni haki mwenye gari alipe bei ya kufungua, hata kama baadaye anaamua kuliacha gari? Kila mmoja atoe sababu zake.

HESABU YA NYUMBANI

Fundi alikadiria saa 32. Bolti nne zilikatika, akatumia saa 37. Akiba yake ilikuwa saa 8. Saa ngapi za akiba zimebaki? Kwa shilingi 5,000 kila saa, amrudishie mwenye gari shilingi ngapi? Andika jibu lako kwa maneno na kwa tarakimu, kisha uandike mistari minne ya daftari ambayo fundi huyu angeandika.